Sindano Hazizibui Mirija

Assalaamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, na nyinyi wa rika langu, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya tiba ya sindano, hii wanayoiita akupancha, kwa watu wanaotafuta mtoto. Aliyenialika aliniambia kwenye simu, "Dada, uje uwape matumaini." Nikamjibu nitaanza na sindano, matumaini tutayaona mbele. Akacheka. Mimi sikuwa natania sana.

Hebu nitazameni mkononi. Hii ndiyo yenyewe. Imo ndani ya pakiti yake, haijafunguliwa, na nyinyi mliokaa mbele ni mashahidi. Naichana. Ndani kuna kijibomba cha plastiki, na ndani ya kijibomba kuna sindano. Urefu wake milimita 40, unene wake robo ya milimita. Ile ya nesi mnayoijua, ya kuchomwa kwenye msuli, huweza kufika unene wa milimita 0.8, yaani mara tatu ya hii. Halafu ya nesi ina tundu, hii haina. Ni waya mtupu. Nalisema hilo kwa sababu hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza, "Umenitia dawa gani?" Sijatia kitu. Ingepita wapi?

Sasa naiweka hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nagonga kijibomba mara moja. Imeshaingia, na aliyefumba macho kule pembeni anaweza kuyafumbua. Naizungusha kidogo, naizungusha… hapo. Imefika. Si maumivu, ni kama uzito, kama ganzi inayotaka kuanza, inapanda kuelekea kwenye kiwiko. Wachina wana jina la hali hii, de qi. Bibi yangu, aliyetibiwa goti na madaktari wa Kichina kule Unguja, alikuwa akisema "inazizima." Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na sijapata neno zuri kuliko la bibi. Na mjue hapa nilipojichoma, mjamzito hatumchomi. Mapokeo yenyewe ya Kichina yanakataza, kwa hofu ya kuamsha uchungu kabla ya wakati.

Madaktari wale walifika Zanzibar mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi, na Bara wakafika 1968. Kwa hiyo sindano kwetu si ngeni. Wamarekani walizishangaa baadaye: mwaka 1971 mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing, tumbo likamjaa gesi baada ya upasuaji, wakamchoma sindano likatulia. Akaandika, dunia ikapata habari. Bibi yangu hakuandika.

Basi. Naichomoa hii, inakwenda kwenye boksi la taka zenye ncha kali, na haigusi mwili wa mtu mwingine tena. Nije kwenye kisa kilichonileta.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kwangu dada mmoja, umri wake miaka 33, ameolewa miaka 4, hajapata hata dalili. Alikuwa na daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo kaandika kila kitu: siku alizoanza hedhi na siku alizomaliza, dawa za kusafisha kizazi alizouziwa na jirani, mafusho, mkesha wa maombi, maji ya zamzamu aliyoletewa na shangazi, asali iliyosomewa. Mimi niliingia humo kwenye kurasa za mwisho. "Sindano, Jumanne."

Nilimpokea vizuri. Nikampima mapigo kwenye mkono wa kulia na wa kushoto, nikamtazama ulimi, nikamwambia kizazi chake kina baridi. Ndivyo nilivyofundishwa kusema. Nikamchoma kila Jumanne kwa miezi 9. Hedhi ikakaa kwenye tarehe zake, maumivu yakapungua, usingizi ukarudi, ngozi ikang'aa. Kila aliyemwona alisema dawa inafanya kazi, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Mimba tu ndiyo haikuja.

Mwezi wa 10 akapotea. Aliporudi alikuwa na bahasha ya hospitali. Huko siku ya kwanza tu walimwambia aje na mumewe naye apimwe. Karatasi ya mume ilikuwa na mstari mmoja wa maana: mbegu hazikuonekana. Sikilizeni vizuri, si chache, si dhaifu. Hakuna hata moja.

Hakunigombeza. Alifungua daftari lake akanionyesha Jumanne zangu zote, 36, kila moja na elfu thelathini pembeni. Milioni moja na elfu themanini. Akasema, "Dada, hata siku moja hukuniuliza habari za mume wangu."

Pesa nilimrudishia nusu, ndiyo niliyokuwa nayo. Miezi 9 sikuwa na pa kuitoa.

Ndugu zangu, sindano ndizo zinazonilisha. Watoto wangu wamesoma kwa hizi. Kwa hiyo nikisema leo zinapoishia, mjue sisemi kwa wivu wa mtu wa kazi nyingine.

Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote. Hayaongezwi. Yanapungua mwaka hadi mwaka, na akishapita miaka 35 yanapungua kwa kasi, na yanayobaki hayana ubora wa yale ya ishirini na kitu. Wahenga walisema kawia ufike. Wahenga hawakuwa wanazungumzia mayai. Ndiyo maana madaktari wanatuambia: ukiwa chini ya miaka 35 na mmekutana mwaka mzima bila kinga na hakuna kitu, nendeni mkapime. Ukishatimiza 35 usingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Na kama hedhi haieleweki, au uliwahi kuumwa vibaya tumbo la chini, au mume aliwahi kupasuliwa korodani, hata hiyo miezi 6 usiingoje.

Na mkienda, nendeni wawili.

Niliowaona wengi tatizo lao ni mirija. Mrija wa uzazi ni mwembamba mno, na ndani yake ndimo yai na mbegu hukutana. Kisonono kisichotibiwa, klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa ambao mara nyingi haukuonyesha dalili yoyote, maambukizi baada ya kujifungua, mimba iliyotolewa vichochoroni: vyote hivyo huacha kovu, na kovu linaziba. Ndiyo maana kwetu Afrika wapo wengi waliozaa mmoja halafu mlango ukafungwa. Mama anasema, "Lakini mimi nilishazaa." Ndiyo, ulizaa, na baada ya kuzaa ulipata homa ya siku tano ambayo hakuna aliyeiuliza.

Kipimo chake kipo. Unakwenda hedhi ikishakatika, kabla yai halijatoka, unalala kwenye kitanda cha eksirei, wanapitisha kijibomba kwenye mlango wa kizazi, wanasukuma dawa ya picha. Kama mirija iko wazi, dawa inamwagika tumboni na kwenye kioo unaiona ikitawanyika kama moshi. Kama imeziba, inagota. Inauma, sitawadanganya, kama maumivu makali ya hedhi, ila ni dakika chache. Mimi nimesimama pembeni ya wateja wangu wakati wa kipimo hiki, nikiwashika mkono, na nimeona dawa ikigota. Baada ya kuona vile huwezi tena kumwambia mtu kwamba sindano mguuni itazibua. Sindano hazizibui mirija. Haziyeyushi uvimbe kwenye kizazi. Hazileti mbegu mahali ambapo hazipo.

Mtu ataniuliza, sawa, mirija iko wazi, mume yuko vizuri, tunakwenda kupandikiza, IVF, yaani yai na mbegu zikutanishwe maabara. Je, sindano zitaongeza bahati? Hapo ndipo penye hadithi ndefu, na naomba mnivumilie, maana ndipo watu wanapouziwa maneno.

Mwaka 2002 madaktari wa Ujerumani walichapisha jaribio la wanawake 160 waliokuwa wanarudishiwa kizazini kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa. Nusu walichomwa sindano dakika 25 kabla na dakika 25 baada. Nusu walilala tu kimya. Kati ya 80 waliochomwa, 34 walishika mimba. Kati ya 80 waliolala tu, 21. Asilimia 42 na nusu kwa asilimia 26. Dunia nzima ya watu wa sindano tulishangilia. Mimi mwenyewe niliikata ile habari nikaibandika ukutani, na ilikaa pale miaka, imegeuka rangi ya chai. Mwaka 2008 watafiti wakakusanya majaribio 7 yenye wanawake 1,366, hesabu ikaonekana bado inatubeba.

Lakini fikirini. Aliyechomwa anajua amechomwa. Kashughulikiwa, kashikwa, kaambiwa hii itasaidia. Aliyelala tu anajua hajapata kitu. Utajuaje kilichofanya kazi ni sindano na si ile shughuli yote? Ndipo watu wenye akili wakatengeneza sindano ya kiini macho. Ncha yake butu, ukiibonyeza inarudi ndani ya mpini wake kama kisu cha mchezo wa kuigiza. Mgonjwa anahisi kitu kinamgusa, anaona imesimama kwenye ngozi, hajui.

Hong Kong wakaitumia kwa wanawake 370, wakatoa majibu mwaka 2009. Waliopata sindano za kweli, waliopima wakaonekana wana mimba ni asilimia 43.8. Waliopata za kiini macho, asilimia 55.1. Mnacheka! Bandia iliishinda halisi. Ningekuwa mfanyabiashara mzuri siku ile ningetupa sindano nikaanza kutumia vijiti vya meno.

Kisha likaja kubwa, la Australia na New Zealand: vituo 16, wanawake 848, na hawakuishia kwenye kipimo cha mimba, walihesabu watoto waliozaliwa hai. Majibu yalitoka mwaka 2018. Waliochomwa kweli, asilimia 18.3 walipata mtoto. Waliochomwa bandia, asilimia 17.8. Hapo hakuna tofauti ya kumtoza mtu pesa.

Wenzangu wa fani walipinga. Walisema jaribio lile lilitoa sindano mara 3 tu, na tiba ya Kichina haitaki haraka. Ni hoja ya haki, na nami niliishika. Tatizo ni kwamba Wachina wenyewe walikuwa wamekwishaijibu. Mwaka 2017 walitoa jaribio la wanawake 1,000 ambao mayai yao hayapevuki vizuri, wale ambao utrasaundi inaonyesha vijifuko vidogo vidogo vimejipanga kwenye ovari. Walichomwa mara mbili kwa wiki, hadi mara 32, wengine sindano za kweli na wengine za bandia. Na kulikuwa na kidonge cha kupevusha mayai kinachoitwa klomifeni, wengine wakapewa halisi na wengine bandia. Waliopata klomifeni, asilimia 28.7 walizaa. Waliopata kidonge bandia, asilimia 15.4. Sindano za kweli hazikuongeza kitu, si kwa kundi hili wala lile. Kidonge kidogo cha hospitali kilikaribia kufanya mara mbili, na kwa wanawake wa namna hii leo wapo madaktari wanaoanza na kidonge kingine, letrozoli, ambayo jaribio la mwaka 2014 lilionyesha inaipita klomifeni.

Kwa hiyo dada mwenye hedhi inayokuja mara nne kwa mwaka, kabla hujaja kwangu kapate kidonge.

Ile karatasi ya ukutani niliibandua. Haikuwa rahisi, gundi ilibaki, alama yake iko mpaka leo.

Sasa mtasema, mbona bado unachoma? Swali zuri, mama mkwe wangu ananiuliza hilohilo.

Nachoma kwa sababu nimeona IVF inamfanya nini mtu. Siku 10 mpaka 14 unajidunga tumboni kila jioni kukuza mayai. Tumbo linajaa, kichwa kinauma, usingizi unakata. Kila baada ya siku chache utrasaundi, na macho yote yako kwenye kioo kuhesabu. Kisha sindano ya mwisho, ambayo saa yake haichezewi, maana kama saa 36 baadaye ndipo mayai yanavunwa. Yanavunwa kwa sindano ndefu ya hospitali, wewe umepewa dawa ya kutuliza. Kule Gothenburg, Sweden, walijaribu sindano zetu zilizounganishwa na umeme mdogo badala ya dawa kali ya maumivu wakati wa kuvuna, pamoja na ganzi ya pale penyewe, na maumivu yakawa karibu sawa. Hiyo nakubali. Maumivu ndiyo nyumbani kwa sindano, tangu goti la bibi yangu.

Halafu maabara inafanya kazi yake, siku ya 3 au ya 5 kiinitete kinarudishwa, na hapo zinaanza wiki mbili ambazo hakuna aliyewahi kunieleza vizuri kwa maneno. Huna la kufanya. Kila unapokwenda chooni unaangalia kama kuna damu. Umeshatoa mamilioni, wengine wameuza kiwanja, na jibu liko ndani yako na huwezi kulisoma.

Wakati ule watu huja kwangu. Nawalaza, nazima taa kubwa, nawachoma sehemu chache, utosini, mikononi, chini ya goti, wanalala. Wengine wanakoroma dakika ya tano. Mmoja aliniambia ule ndio ulikuwa usingizi wake wa kwanza wa mchana tangu harusi. Sisemi kiinitete kinajua kwamba mama yake amelala. Nasema mama amelala. Kwangu hilo ni kitu kizima, halihitaji kuvishwa nguo ya ahadi.

Na hapa kuna jambo linanikera, nitalisema. Watu wanapenda kumwambia mwanamke, "Punguza mawazo, utapata. Tulia tu." Mawifi wanasema, wachungaji wanasema, na sisi wa sindano tunalisema sana maana ndipo tunapouzia. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliokuwa kwenye matibabu ya uzazi, wakaangalia kama waliokuwa na msongo zaidi mwanzoni walishindwa zaidi kupata mimba. Haikuwa hivyo. Mawazo yao hayakuwanyima mimba. Jamani, mnaelewa uzito wa jambo hilo? Dada aliyelia mwezi mzima halafu IVF ikashindikana, si machozi yake yaliyoishinda. Kama umewahi kumwambia mtu "tulia utapata," hukukusudia ubaya, lakini ulimbebesha mzigo mwingine: sasa asipopata, ni kwa sababu hakutulia.

Kwa hiyo nikimlaza mtu atulie, ni kwa sababu kutulia ni kuzuri. Basi.

Yapo ya kuangalia. Mtu yeyote atakayekuchoma, muone akichana pakiti mbele yako. Sindano iliyochemshwa, iliyopanguswa spiriti, iliyo kwenye kikombe na wenzake, kataa, inuka, ondoka. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijali kama sindano ni ya Kichina. Uliza amesajiliwa wapi. Hapa Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, limewekwa kwa sheria ya mwaka 2002, na cheti si siri, kinatundikwa. Kifuani na mabegani juu asichome mtu asiyejua anachofanya, maana pafu liko karibu kuliko unavyodhani. Daktari wako wa IVF ajue kwamba unachomwa, na ajue hasa kama unakunywa mizizi au majani ya aina yoyote, ya Kichina au ya shamba. Sindano hainywewi, lakini majani yananywewa, yanaingia kwenye damu pamoja na dawa zake, na zipo zinazofanya damu iwe nyepesi siku ambayo wanakwenda kukutoboa ovari. Wateja wangu wanaficha hili kwa daktari kwa hofu ya kugombezwa. Heri kugombezwa.

Na kuna siku ambazo mimi sikufai kabisa. Umeshavunwa mayai, tumbo linazidi kuvimba, unapumua kwa shida, mkojo umekuwa kidogo: hospitali, usiku huohuo. Umepima una mimba, na unaumwa upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu, bega linauma: hospitali, usinipigie simu mimi, piga ukiwa njiani. Mimba inaweza kushika kwenye mrija, hasa mrija ulioumia, na mrija ukipasuka mtu anamwaga damu ndani bila kuona tone. Nina mteja aliyenijia na maumivu ya namna hiyo akitaka "achomwe kidogo yapoe." Nilimpakia kwenye bajaji. Yuko hai.

Ramadhani naulizwa kama sindano inafungulisha. Masheikh wengi niliowauliza wanasema kisicholisha hakifungulishi, lakini wewe muulize wako.

Nimalizie na kina baba. Naona leo mko wachache, nimehesabu kumi na mmoja, na wawili wamekaa karibu na mlango. Siwalaumu. Najua neno "mgumba" lina uzito gani kwa mwanaume wa kwetu, maana "tasa" tumeshawazoesha wanawake kulibeba, lenu hamjafundishwa kulibeba. Lakini sikilizeni hesabu. Kwa wenza wanaohangaika, karibu nusu yao mwanaume ana sehemu yake katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Kwenye daladala iliyojaa ni siti ngapi hizo? Hesabuni wenyewe.

Kipimo cha mwanaume ni rahisi kuliko vyote. Siku mbili tatu bila kukutana, kikombe, chumba chenye kufuli, umemaliza. Hakuna dawa ya kusukumwa, hakuna kugota, hakuna eksirei. Kwa bei niliyokuwa namtoza yule dada, angeweza kulipia kipimo cha mumewe kwa pesa ya Jumanne mbili. Na kuwa na nguvu za kiume si kuwa na mbegu. Yule mume alikuwa mzima kama simba, hakuna aliyeweza kudhani. Kuwa na mtoto mkubwa kule ulikotoka nako si kipimo cha leo. Na wanaojidunga zile homoni za kutunisha misuli, za jimu, mjue zinaiambia korodani ipumzike, nayo inatii. Mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo ukiacha sigara na homoni leo, usipime Ijumaa ijayo ukakata tamaa. Pima baada ya miezi mitatu.

Hata sifuri si mwisho kila mara. Wakati mwingine kiwanda kinafanya kazi, njia ndiyo imeziba, na daktari anaweza kuzifuata mbegu kulekule kwenye korodani kwa sindano, yake si yangu, akazipeleka maabara. Mume wa yule dada ndiyo njia aliyoambiwa. Walikwenda. Sitawaambia ilikuwaje, si habari yangu kuitangaza, ila alinitembelea mwaka uliofuata na lile daftari, akataka achomwe kwa ajili ya mgongo. Nikamwambia mgongo nauweza.

Faili zangu sasa zina ukurasa wa kwanza wa rangi ya njano. Juu kumeandikwa jina la mume, chini tarehe ya kipimo chake, chini yake picha ya mirija ya mke. Ukurasa ule ukiwa mtupu sigusi sindano kwa habari ya mtoto. Nitakuchoma kwa kichwa, kwa mgongo, kwa usingizi, karibu sana. Nimepoteza wateja kwa ukurasa huo. Jirani yangu wa mtaa wa pili hana ukurasa wa njano, na foleni yake ni ndefu.

Nadhani muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti anaangalia saa kwa heshima. Kuna maswali? Naona mkono kule karibu na mlango. Ndiyo, wewe kaka, usiushushe. Anza wewe.